GB zangu zimekwenda wapi? Utatuzi wa matatizo ya vipimo vya data

Wateja wengi wanaoingia dukani kwangu Msamvu wakisema "nimepigwa" huwa hawajapigwa. Wamenunua flashi, diski ya nje au bando, wakasoma namba moja kwenye boksi na nyingine kwenye skrini, namba hazikukubaliana, hasira ikapanda. Wachache wamepigwa kweli. Kazi yangu ni kuyatenganisha makundi hayo mawili, na baada ya miaka ya kuchapa, kuskani na kufufua kompyuta, kuna hatua moja ninayoanza nayo kila mara: chukua namba kubwa, igawe kwa namba ndogo, kisha tazama jibu.

Jibu hilo ndilo linalotaja chanzo. Likija 1.07 au 1.10, unatazama elfu za aina mbili, ya 1,000 na ya 1,024. Likija 8, umechanganya biti na baiti: baiti, kipimo cha ukubwa wa faili, ni biti nane. Likija karibu na 1.37, barua pepe imekifungasha upya kiambatisho chako. Likiwa halifanani na lolote kati ya hayo, tatizo limeshatoka kwenye vipimo na kuingia kwenye kifaa, kwenye mtandao au kwa muuzaji, na hapo una haki ya kulalamika.

Watu hupenda kutoa badala ya kugawanya. "GB 69 zimepotea." Kutoa kunakutia uchungu tu. Kiasi kinachokosekana hukua kadiri diski inavyokuwa kubwa, kwa hiyo hakikuambii chochote, lakini uwiano haubadiliki, uwe na diski ya GB 500 au ya GB 900.

Diski mpya inaonyesha pungufu

Kijana mmoja anayepiga video za harusi alikuja na diski ya nje ya TB 4, plastiki bado imeuzunguka waya. Hela yake alikuwa ameidunduliza kwa miezi. Kompyuta yake ya Windows ilimwonyesha TB 3.63.

"Shikamoo kaka. Nimepigwa. Karibu GB mia nne hazipo."

"Marahaba. Umegawanya?"

"Nigawanye nini?"

Nikampa kikokotoo. Nne kwa 3.63 ikatoa 1.10. Nikamwambia abofye diski kwa kitufe cha kulia cha mausi, afungue Properties, halafu asinisomee TB wala GB, anisomee ile namba ndefu ya baiti iliyoandikwa kando yake. Akasoma polepole, kidole kwenye skrini, koma moja baada ya nyingine. Tarakimu 13, na mwanzo wake 4,000. Baiti trilioni nne alizolipia zilikuwepo zote.

Kilichotokea ni hiki. Kiwanda kinahesabu kwa elfu ya kawaida: KB ni baiti 1,000, MB ni KB 1,000, GB ni MB 1,000, TB ni GB 1,000. Windows inahesabu kwa 1,024 katika kila ngazi, lakini inaandika herufi zilezile KB, MB, GB na TB. Mahindi ni yaleyale. Kibaba cha nyumbani ni kikubwa kidogo kuliko kibaba cha sokoni, basi vibaba vinahesabika vichache.

Kwa kuwa tofauti inajirudia kila ngazi, inazidi kukua unavyopanda. Kwenye KB uwiano ni 1.024. Kwenye MB ni 1.049, kwenye GB ni 1.074, na kwenye TB ni 1.100. Ndiyo maana zamani, tulipokuwa tunashughulika na KB, hakuna aliyelalamika sana, na leo mwenye TB 4 anahisi ameporwa.

Hivi ndivyo Windows inavyotakiwa kusoma:

GB 16 husomeka 14.9
GB 32 husomeka 29.8
GB 64 husomeka 59.6
GB 128 husomeka 119.2
GB 256 husomeka 238.4
GB 500 husomeka 465.7
TB 1 husomeka GB 931
TB 2 husomeka TB 1.81
TB 4 husomeka TB 3.638, na Windows huikata tarakimu ya mwisho ikabaki 3.63

Flashi ikipungua kidogo zaidi ya hapo, mathalani ile ya 16 ikasoma 14.5, usishtuke. Chipu hujiwekea akiba ya kuziba sehemu zinazochakaa.

Mbona 1,024 na si 1,000? Inatoka kwenye RAM, kumbukumbu ya kazi ya kompyuta. Kila waya wa anwani una hali mbili tu, una umeme au hauna, kwa hiyo waya 10 zinafikia sehemu 1,024, si 1,000. RAM ya GB 8 ni baiti 8,589,934,592 kamili, na hapo 1,024 ni haki yake. Kompyuta ikikwambia una GB 7.8 za RAM zinazotumika kati ya 8, usitafute jibu kwenye vipimo. Mara nyingi sehemu hiyo imechukuliwa na chipu ya picha isiyokuwa na kumbukumbu yake yenyewe.

Tume ya kimataifa ya viwango vya umeme, IEC, ilijaribu kuumaliza mkanganyiko huu mwaka 1998 kwa kuvipa vipimo vya 1,024 majina yao: kibi, mebi, gibi, tebi, vikiandikwa KiB, MiB, GiB, TiB. Programu nyingi za Linux, mfumo wa kompyuta kama Windows, zinavitumia. Apple walichukua njia nyingine, tangu Mac OS X 10.6 ya mwaka 2009 kompyuta zao zinahesabu mafaili kwa elfu ya kawaida. Android nayo ilihamia kwenye elfu kuanzia toleo la 8. Windows imebaki kuhesabu kwa 1,024 na kuandika GB. Kwa hiyo flashi moja ya GB 32 itasoma karibu 32 kwenye Mac na 29.8 kwenye Windows, na mwenye flashi atakuapia kwamba kompyuta ya pili imeila. Mimi nasema wazi: herufi moja ndogo ya i ingeandikwa pale kwenye skrini, nusu ya malalamiko haya yasingekuwepo.

Uwiano ukizidi 1.10 kwa kiasi kikubwa, fungua Disk Management ya Windows uangalie kama diski imegawanywa vipande. Flashi iliyowahi kutumika kusimika Linux au Windows mara nyingi inaonyesha kipande kimoja kidogo, na kilichobaki kimefichika. Kwenye simu, hifadhi "iliyopungua" huwa imekaliwa na mfumo wa simu wenyewe, na hiyo ni hesabu nyingine kabisa.

Tatizo hilihili lina sura ya pili, nayo ni mbaya zaidi kwa sababu inakupotezea usiku mzima. Una folda ambayo Windows inasema ni GB 480. Unanunua diski iliyoandikwa GB 500, unaanza kunakili, unalala. Asubuhi unakuta imekwama karibu na mwisho, nafasi imekwisha. Zidisha: 480 mara 1.074 ni takribani GB 515 za kiwandani. Haikuwa inaingia tangu mwanzo. Kabla ya kununua diski ya akiba, zidisha ukubwa unaouona Windows kwa 1.1, halafu nunua iliyo juu ya hapo.

Ukitaka kubadilisha vipimo kwa mkono bila kupotea, usiruke kutoka kipimo hadi kipimo. Shuka mpaka kwenye baiti, halafu panda. Diski ya GB 500: shuka, baiti 500,000,000,000. Panda kwa kugawa na 1,024 mara tatu, unapata 465.66. Ni kazi ya sekunde kumi kwenye kikokotoo cha simu. Wanaokosea ni wale wanaogawa mara moja kwa 1,024 wakadhani wamemaliza. Wenzangu wa Linux, mnajua amri ya df, inayoonyesha nafasi ya diski. Kumbukeni tu kwamba df -h inahesabu kwa 1,024 na df -H inahesabu kwa 1,000, na ripoti mbili za seva moja zikigombana, angalieni kwanza ukubwa wa hiyo H.

Nitaje na vya zamani, maana bado naviona kwenye makabati ya ofisi. CD ya MB 700 ilihesabiwa kwa 1,024, DVD ya GB 4.7 ikahesabiwa kwa 1,000, na ndiyo sababu folda ya "GB 4.5" ya Windows ilikataa kuingia kwenye DVD. Disketi ya 1.44 ilichanganya yote mawili: ilikuwa KB 1,440 za baiti 1,024 kila moja, jumla baiti 1,474,560, namba ambayo si MB 1.44 kwa kipimo chochote kile.

Flashi inaonyesha ukubwa wote, lakini mafaili hayafunguki

Hapa ndipo kupigwa kulipo. Flashi imeandikwa GB 512, imenunuliwa kwa bei ya ile ya 16, na kompyuta inaisoma vizuri kabisa, 476 na kitu. Kugawanya hakutakusaidia hata kidogo, kwa sababu namba imeghushiwa ndani ya chipu yenyewe. Mafaili ya mwanzo yanafunguka. Yanayofuata yanaonyesha jina na ukubwa, ukiyabofya yanagoma, au picha inatokea nusu na iliyobaki ni kijivu.

Njia ya uhakika ni kuijaza mpaka mwisho kisha kuisoma tena. Kwenye Windows kuna programu ya bure ya H2testw, kwenye Linux na Mac kuna F3. Zinaandika data inayojulikana, zinairudia kuisoma, zinakwambia ni kiasi gani kilichorudi salama. Inachukua saa kadhaa, na iache iende hadi mwisho. Niliwahi kupima flashi ya mwanafunzi aliyehifadhia tasnifu yake, boksi lilisema 256, iliyorudi salama ilikuwa chini ya GB 8. Tasnifu ilikuwa nje ya hizo nane. Tangu siku hiyo naomba kila mtu: pima flashi siku unayoinunua, kabla hujaipa kitu unachokipenda.

Umelipia intaneti ya 40, unapakua kwa 5

Arobaini kwa tano ni nane. Hakuna kilichoharibika.

Kasi ya mtandao inauzwa kwa megabiti kwa sekunde, Mbps, b ndogo. Programu ya kupakua inaonyesha megabaiti kwa sekunde, MB/s, B kubwa. Baiti moja ni biti nane. Waya unasafirisha mapigo, moja nyuma ya jingine, na anayeuza njia anahesabu mapigo. Anayehifadhi faili anahesabu herufi na rangi, na hizo zinakaa kwenye baiti. Kwenye kasi ya mtandao kilo ni 1,000 siku zote. 1,024 haina nafasi huko.

Neno baiti lilibuniwa mwaka 1956 na Werner Buchholz, mhandisi wa IBM, naye aliliandika kwa y kwa makusudi, byte, ili mtu asije akaliandika kimakosa likawa bit. Aliiona hatari mapema. Kisha vifupisho vyote viwili vikaishia kwenye herufi moja. Ndiyo maana nawasihi wanaoandika matangazo: msiandike "mb". Andikeni Mb mkimaanisha biti, MB mkimaanisha baiti. Mteja anayesoma "20mb kwa sekunde" hana namna ya kujua anauziwa nini, na kati ya hivyo viwili kuna tofauti ya mara nane.

Sasa tufanye hesabu ya kweli. Mbps 40 gawa kwa 8 ni MB 5 kwa sekunde. Kila pakiti inabeba bahasha yake, yaani anwani na alama za ukaguzi, na kwenye kebo ya kawaida bahasha hizo hula karibu asilimia 5. Kompyuta ikihesabu kwa 1,024, inapungua tena asilimia 5. Mwisho wa yote skrini inakuonyesha kama 4.5. Hiyo ni njia yenye afya. Ukiona 4.5 kwenye mtandao wa 40, usimpigie mtu simu.

Uwiano ukitoka 12, 15, 20, hapo sasa tafuta. Chomeka kompyuta kwenye ruta kwa kebo upime upya. Namba ikipanda, adui ni Wi-Fi: ukuta, umbali, au majirani wote wako kwenye chaneli moja. Isipopanda, jaribu kupakua kutoka sehemu nyingine, maana seva unayoitumia inaweza kuwa ndiyo iliyozidiwa.

Kuna namba moja ambayo nikiiona tu najua pa kushika. Mtu ana faiba ya Mbps 200 au zaidi, na kupakua kumeganda kwenye MB 11 au 12 kwa sekunde, hakuvuki hapo hata usiku wa manane. Zidisha kwa nane: unakaribia 100. Mahali fulani njiani kuna kiungo cha Mbps 100. Inaweza kuwa tundu la zamani kwenye ruta au kompyuta, na mara nyingi ni kebo. Kebo ya mtandao ina jozi nne za waya. Kasi ya gigabiti inazihitaji zote nne, kasi ya 100 inatosheka na mbili. Waya mmoja ukikatika ndani ya kichwa cha kebo, vifaa vinashuka kimyakimya mpaka 100 na intaneti inaendelea kufanya kazi, kwa hiyo hakuna anayeshuku. Badilisha kebo kabla ya kubadilisha kampuni.

Bando limekwisha mapema

Hapa vipimo huwa na hatia ndogo. Kampuni ikihesabu GB kwa 1,024 na simu ikahesabu kwa 1,000, simu itaonyesha umetumia 1.07 kabla bando la GB 1 halijaisha, maana yake tofauti inakuangukia wewe kwa faida. Simu ikionyesha kidogo kuliko bando lililokwisha, tazama tarehe kwanza: simu inahesabu kwa mwezi kuanzia siku uliyoichagua, bando linahesabu kwa saa tangu uliponunua. Tazama na laini ya pili, na kama bando lako lina sehemu ya usiku au ya mitandao ya kijamii ambayo imehesabiwa kando.

Lakini mara nyingi bando limeisha kwa sababu limetumika, na mwenyewe hakujua kasi inageuka kuwa kiasi gani. Kuna namba moja ya kuikariri: 450. Saa moja ina sekunde 3,600. Gawa kwa biti nane, unapata 450. Basi Mbps zidisha kwa 450 ni MB kwa saa. Redio ya mtandaoni ya kbps 128, yaani kilobiti 128 kwa sekunde, ni Mbps 0.128 mara 450, karibu MB 58 kwa saa. Dakika 90 za mpira ukisikiliza ni MB 86. Mpira huohuo ukiutazama kwa video ya Mbps 2, ni MB 900 kwa saa, yaani MB 1,350 mpaka kipenga cha mwisho, bila nyongeza wala mapumziko. Anayenunua GB 1 ili atazame mechi nzima kwa ubora huo ataishia kipindi cha pili, na kampuni haijamwibia hata baiti.

Mfumo unasema faili lisizidi MB 2, nawe una 1.96

Dada mmoja alifika saa kumi na moja jioni, dirisha la maombi ya kazi linafungwa saa sita usiku. Vyeti vyake viko kwenye PDF moja, Windows inasema MB 1.96, kikomo ni MB 2, mfumo umeikataa mara nne. Alikuwa ameanza kulia.

MB 1.96 za Windows ni baiti 2,055,209. Mfumo uliokuwa upande wa pili ulihesabu kikomo kwa elfu: baiti 2,000,000. Faili lilizidi kwa baiti elfu hamsini na tano. Mifumo mingine inahesabu kikomo kilekile kuwa 2,097,152 na ingelipokea bila neno, na ukurasa wa maombi haukuambii ni upi. Kwa hiyo kaa chini ya ile ndogo: kwa kikomo cha MB 2, lenga 1.9 kwenye Windows. Kwa KB 200, lenga 195. Soma namba ndefu ya baiti kwenye mstari wa Size. Mstari wa Size on disk uache: huo ni nafasi ambayo faili limekalia kwenye diski, na diski hugawa nafasi kwa vipande, kwa kawaida vya baiti 4,096, hata kama faili halikijazi kipande cha mwisho.

Faili likiwa kubwa mno, usikimbilie tovuti za kubana PDF ukawapa watu usiowajua vyeti vyako. Rudi kwenye skana. Karatasi ya A4 kwa dpi 300, yaani nukta 300 kwa kila inchi, ni nukta 2,480 kwa 3,508, na kila nukta ya rangi ni baiti 3, kwa hiyo ukurasa mmoja ni MB 26 kabla haujabanwa. Shusha dpi hadi 150, upana na urefu vyote vinakuwa nusu, na ukubwa unakuwa robo. Ondoa rangi ukaacha kijivu, unagawa tena kwa tatu. Ukurasa umeshuka hadi kama MB 2.2 kabla ya kubanwa, na maandishi bado yanasomeka. Vyeti vya dada tuliviskani upya kwa 150, kijivu, na saa kumi na mbili kasoro mfumo ukampa namba ya maombi. Picha ya pasipoti peke yake ndiyo tuliyoiacha na rangi.

Barua pepe inakataa kiambatisho cha MB 20, na kikomo ni 25

Barua pepe ilizaliwa kubeba maandishi matupu. Ili ibebe picha au PDF, kila baiti 3 hugeuzwa kuwa herufi 4 kwa njia iitwayo Base64, na mistari inakatwa kila baada ya herufi 76. Faili la 20 linasafiri likiwa na zaidi ya 27. Gawa kikomo kwa 1.37: kwa 25, usizidishe 18. Likizidi, tuma kiungo.

Flashi ina nafasi tele, lakini inakataa faili moja kubwa

Filamu ya GB 4.5, nafasi iliyobaki GB 20, na kompyuta inasema faili ni kubwa mno. Flashi imefomatiwa kwa FAT32, mfumo wa kupanga mafaili ambao huandika ukubwa wa kila faili kwa biti 32. Namba kubwa kuliko zote inayoingia humo ni 4,294,967,295. Hata baiti moja zaidi haiingii. Fomati kwa exFAT, ukishahamisha vilivyomo. Ila kama flashi ni ya redio ya gari au runinga ya zamani, ulizia kwanza, vingi vya hivyo havisomi exFAT, na hapo dawa ni kulikata faili vipande viwili.

SMS moja inakatwa kama tatu

Hii naipenda kwa sababu chanzo chake kimo ndani ya Kiswahili chetu.

Katibu wa kikundi cha wafugaji alikuwa anatuma matangazo kwa wanachama 300 kupitia mfumo wa SMS za jumla. Tangazo la wiki hiyo lilikuwa na herufi 150, na kila mtu anajua SMS ni herufi 160. Mfumo ukamkata SMS 900.

SMS haihesabiwi kwa herufi, inahesabiwa kwa baiti, na ina 140 tu. Herufi za kawaida huandikwa kwa biti 7 kila moja: 140 mara 8 ni biti 1,120, gawa kwa 7, unapata 160. Lakini ikitokea herufi moja tu isiyomo kwenye jedwali la biti 7, ujumbe mzima unahamia biti 16 kwa herufi, na nafasi inashuka hadi 70. Ukiwa mrefu kuliko hapo unakatwa vipande, na kwa kuwa kila kipande kinabeba alama za kukiunganisha na vingine, zinabaki herufi 67. Herufi 150 kwa 67 ni vipande vitatu. Mia tatu mara tatu, mia tisa.

Emoji hazikuwemo. Tukausoma ujumbe neno kwa neno: "Chanjo ya ng’ombe itafanyika Jumamosi..." Alikuwa ameuandika kwenye Word, na Word huipinda ritifaa yenyewe. Ritifaa iliyonyooka, ', imo kwenye jedwali la biti 7. Iliyopinda, ’, haimo. Baadhi ya simu nazo huipinda, na baadhi ya mifumo huinyoosha kabla ya kutuma, ila wake haukuwa mmoja wao. Ng'ombe, ng'ambo, ung'eng'e, kila neno la namna hiyo lingemgharimu hivyohivyo.

Tukaifuta ile alama, akaiandika upya humohumo kwenye kisanduku cha kuandikia ujumbe. Kihesabio pembeni kikaruka kutoka 3 hadi 1.